Kinyozi, Kisu na Tembo Asiye na Mkonga

Jumapili, 3 Machi

Presha iko juu. Si mimi ninayesema, ni daktari. Alinifunga ule mkanda mkononi, akaujaza upepo, akatazama kipimo, akanitazama usoni, kisha akaujaza tena. Mtu akipimwa mara mbili ajue kuna jambo.

Mimi ni kinyozi. Kiti changu ni cha kwanza, cha dirishani, kinachoonekana na kila apitaye barabarani. Saluni ni ya shemeji yangu, dada mkubwa wa mke wangu, mwanamke asiyepandisha sauti kwa sababu hajawahi kuhitaji kuipandisha. Ijumaa nilimkata fundi cherehani sikioni. Kidogo tu! Tone moja la damu. Lakini alipiga yowe mpaka mwenye duka la ng'ambo akafunga mlango. Tangu hapo mkono wangu wa kulia unatetemeka. Nikishika mashine, unatetemeka. Nikishika kikombe, unatetemeka. Nikiufikiria tu, nao huo!

Shemeji ameshatoa hukumu. Jumamosi hii atakuja Mwalimu Mkuu wa sekondari iliyo mkabala nasi, apunguzwe nywele kabla ya kupigwa picha ya mahafali. Akiridhika atatuletea walimu wake wote. Atakaa kwenye kiti cha kwanza. Mkono wangu ukitulia, kiti kinabaki changu. Ukitetemeka, kiti atapewa Mpole, kinyozi wa kiti cha pili, na mimi nitakabidhiwa beseni la kufulia taulo. Aliyasema hayo huku akinimiminia chai.

Mpole si jina lake, ni tabia yake. Hagombani na mtu. Watu wa namna hiyo wananitia hofu.

Daktari anadai mkono hauna ugonjwa wowote, nina wasiwasi tu. Wasiwasi tu! Kama vile ni mafua. Anataka nitafute jambo la kunituliza. Mjomba wake alipostaafu alianza kuchonga wanyama wadogo wa mbao, na siku hizi analala fofofo. Eti hata asiyejua kitu anaweza kuanza: kisu kidogo, kipande cha mti laini, na subira.

Kisu nimenunua. Subira nitaitafuta. Nimejipangia ratiba kali: nitatulia kabla ya chai, nitatulia tena mchana, na jioni nitatulia mpaka mke wangu anizuie. Ikifika Jumamosi hapatakuwa na mtu aliyetulia kunishinda katika mtaa huu.

Jumatatu, 4 Machi

Nimeamka alfajiri ili nitulie. Nikakumbuka sina mti. Nikakaa kitandani nikingoja seremala afungue, moyo ukinienda mbio.

Seremala wa kona alinichagulia kipande cha mti mweupe, laini. Kisha akanihubiria. Kisu kiwe kikali, kwa maana kilicho butu ndicho kinachokata vidole. Nichonge kwa kufuata nyuzi za mti. Nisikivute kisu kuja kwangu, nikisukume kwenda mbele. Nitoe kidogo kidogo, kwa sababu kilichotoka hakirudi. Nikamwambia asinifundishe makali, mimi naishi na wembe. Akasema haya.

Nimeanza na tembo. Kwa nini mtu mzima aanze na panya? Mti ulikuwa mkavu, basi nikaupaka povu la kunyolea. Sisi ndivyo tulivyofunzwa: kitu kikavu hakinyolewi. Nikaushika kama ninavyoshika kidevu cha mteja, nikakivuta kisu kuja kwangu taratibu. Kisu kikateleza kwenye povu kikaishia kidoleni. Nikafunga plasta, nikaufuta mti, nikaanza upya.

Mkonga ulikatika mapema. Tembo asiye na mkonga ni kiboko, kwa hiyo nikakubaliana na nafsi yangu kwamba tangu mwanzo nilikuwa nachonga kiboko. Mguu mmoja wa kiboko ukawa mrefu. Nikaupunguza ulingane na wenzake. Ukawa mfupi. Nikawapunguza wenzake. Kufika saa ya kwenda kazini kiboko alikuwa amelala kifudifudi, hana miguu kabisa, nikaona kumbe ni kobe. Kichwa cha kobe kikaanguka nilipokuwa nachimba jicho. Nilichobaki nacho ni yai.

Jioni mke wangu aliliona mezani. Akauliza kama hatimaye nimetengeneza kabari ya mlango wa choo. Nilisema ndiyo. Akanishukuru kwa moyo wake wote, akanipa kipande kikubwa cha nyama. Sikutulia hata dakika moja leo, ila mlango wa choo haujifungi tena.

Jumanne, 5 Machi

Mpango mpya! Kutulia nyumbani hakuna faida, nani atakuona? Lazima nitulie mbele ya Shemeji.

Nikabeba kisu na mti hadi saluni. Kila nilipokosa mteja nilikaa kwenye kiti changu cha dirishani, nikaegemea, nikachonga huku nimetabasamu. Tabasamu lilinichosha mashavu. Shemeji alipita akaniuliza kama jino linaniuma.

Mpole akaja kunichungulia. Akasema kwa ile sauti yake ya pamba kwamba kazi hii inapendeza, kaka, akaniomba kijipande kilichonibakia. Nikampa. Ubaya uko wapi? Nilitaka nimwone naye akijikata.

Nilikuwa namnyoa dereva mmoja wa lori, mtu mwenye kichwa kikubwa lakini si kikubwa hivyo. Nilipomaliza, Mpole alikuwa ameshachonga bata. Bata mwenye mdomo! Mwenye mkia! Mwenye macho yaliyonitazama mimi! Dereva akainuka na shuka bado shingoni, akaenda kumshika bata, akauliza ni nani fundi huyu. Hata hakujitazama kwenye kioo.

Mpole amemweka bata mbele ya kioo chake, karibu na chupa ya spiriti. Mchana kutwa wateja wanauliza habari za bata. Wawili walikataa kiti changu, wakasema watamngoja mwenye bata. Nimejipalia makaa kwa mikono yangu mwenyewe, tena mti ni wangu!

Leo nimejikata mara mbili. Nikinyoa, plasta zinanasa kwenye nywele za watu.

Jumatano, 6 Machi

Sikulala vizuri. Nilimuota bata. Lakini asubuhi niliamka na fikra moja safi kabisa.

Bungua!

Kila mtu anajua mbao huingiwa na bungua, wale wadudu wanaotoboa na kuacha unga. Nilimnong'oneza mteja mmoja tu, fundi rangi wa hapo jirani, kwa nia njema, kwamba mimi kwa upande wangu nisingekaa karibu na yule bata. Nikamwambia asimwambie mtu. Nikamwomba kabisa asimwambie mtu, ndipo nilipokuwa na hakika atasema.

Akasema. Lakini watu hawana kiasi, kila mmoja akatia chumvi yake. Kufika adhuhuri nilimsikia mama mmoja barabarani akimwambia mwenzake kwamba katika saluni yetu kuna wadudu wanaoingia masikioni. Mwingine alikuwa na habari kwamba fundi cherehani, yule wa Ijumaa, hakukatwa sikio, aliumwa. Mteja wa kiti changu aliinuka nusu ya kichwa ikiwa bado na nywele, akavaa kofia, akaondoka. Viti vyote viwili vikabaki vitupu mpaka alasiri.

Shemeji alifunga mlango, akatuuliza nani kaanzisha maneno haya. Nikasema dunia imejaa watu wabaya. Mpole akasema huenda ni kosa lake kuleta mti kazini, asamehewe. Akasamehewa! Shemeji akasema tu kwamba mchimba kisima huingia mwenyewe, na aliponiangalia nikajisikia nimeshafika chini kabisa kwenye maji.

Adhabu tumepewa sote. Tumesugua sakafu, viti, na rafu zote kwa spiriti mpaka macho yakatutoka machozi. Bata akaamriwa akae juani nje, wadudu wafe. Akawekwa kwenye kizingiti, mbele ya mlango. Wapita njia wakaanza kusimama na kumpiga picha kwa simu. Wanne waliingia ndani kuuliza kinyozi mwenye bata anafungua saa ngapi kesho.

Naogopa. Naandika wazi kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Kile kiti ndicho kitu pekee ambacho watu wa mtaa huu wananijulia. Wakipita wananipungia mkono kupitia kioo. Nani atampungia mkono mtu aliye uani na beseni?

Alhamisi, 7 Machi

Umeme ulikatika. Mashine hazifanyi kazi, Shemeji akaturudisha nyumbani mapema. Jambo la ajabu limetokea na sijui nilielezeje.

Nilikaa kwenye ngazi ya nyuma. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni akikunja nguo zilizokauka, akinisimulia kisa cha mwenzake wa kazini kwenye duka la vitambaa. Mwenzake huyo alimuuzia bibi mmoja kitambaa cha pazia, na wiki iliyofuata akamwona bibi yuleyule ameshona gauni la harusini, na akakaa nalo mstari wa mbele. Mke wangu alikuwa anacheka kiasi kwamba hawezi kumaliza sentensi. Mimi nilikuwa na kisu na kijiti kidogo tu. Sikuwa nachonga mnyama yeyote. Nilikuwa natoa maranda, basi. Nilitaka kujua kama bwana harusi aliliona lile pazia.

Mke wangu akaacha kukunja nguo. Akasema, tazama mkono wako.

Nikatazama. Mkono ulikuwa umetulia. Na ndani yake kulikuwa na paka. Masikio mawili, mkia uliozunguka miguu, na mgongo alioukunja kama wanavyofanya wakiota jua. Hakuna aliyeniambia mgongo unakuwaje. Mke wangu alisema nimekuwa nikipiga mluzi tangu habari ya pazia ilipoanza. Mluzi! Tangu Ijumaa sijapiga mluzi. Alinishika bega, akaniacha niendelee kumtazama yule paka, na kwa kitambo kidogo nilikuwa mtu mwenye furaha.

Kisha nikafikiri: siri nimeipata! Nikaruka juu kwa shangwe. Mkono ukaanza kutetemeka.

Nikamwomba arudie. Akauliza arudie nini. Nikamwambia kila kitu: akae palepale, azikunjue nguo azikunje upya, asimulie pazia tangu mwanzo, na acheke pale alipochekea. Kwa kunihurumia alirudia. Kicheko hakikuwa kilekile. Nikamrudisha nyuma. Nikamwambia shati la bluu lilitangulia kabla ya shuka. Aliposimulia mara ya tatu akawa anasimulia kama anasoma tangazo la msiba, na mimi nimekaza meno, nautazama mkono wangu kwa jicho la askari.

Aliniachia nguo zote nizikunje mwenyewe. Amesema sina mkono mbovu, nina kichwa kibovu.

Ijumaa, 8 Machi

Kesho ndiyo siku. Roho iko juu juu.

Asubuhi nilimwomba mke wangu aombe ruhusa kazini kesho, aje saluni na kapu la nguo. Amekataa. Nikamwambia asije na nguo zote, mashati tu. Amekataa kwa maneno ambayo sitayaandika.

Basi nikachukua hatua ya pili. Nimempelekea Shemeji yule paka, zawadi. Alimshika, akamgeuza, akampitisha kidole mgongoni, akauliza kama ni kazi ya Mpole. Niliumia, acha tu. Nikasema ni yangu. Akaniambia kwamba mtu aliyechonga mgongo ule mkono wake hauna kasoro, na kwamba kusema kweli alikuwa hapendi kuninyang'anya kiti, maana mdogo wake angeona aibu, na yeye pia. Akamtia paka kwenye mkoba. Akaniita shemeji yangu, mbele ya wateja!

Ningepaswa kufurahi. Badala yake kijasho chembamba kikanitoka. Mtu asiyekutegemea huwezi kumwangusha. Sasa ananitegemea!

Tena nikamwona Mpole upande wa pili, anapangusa vitana vyake bila haraka. Kesho atasimama karibu nami vile vile, ametulia, na Mwalimu Mkuu atamwona kwenye kioo, na atamwona bata. Haiwezekani. Jioni Shemeji alipoondoka nilimfuata Mpole, nikamwambia kwamba Shemeji amempa mapumziko kesho kutokana na kazi kubwa ya kusugua sakafu. Sikupepesa macho. Mpole alinishika mkono kwa mikono yake miwili, akasema Shemeji ana utu sana, na mimi pia kwa kumfikishia habari njema. Akaondoka na bata wake.

Nimebaki peke yangu na ushindi. Nimekunywa chai ya rangi vikombe vingi ili nitulie.

Jumamosi, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika.

Shemeji alifika akauliza Mpole yuko wapi. Nikasema huenda anaumwa. Akasema basi mimi ndiye, na akakaa kwenye benchi la wateja kunitazama, mkoba magotini.

Mwalimu Mkuu aliingia na suti tayari, kwa ajili ya picha. Nywele zake, jamani! Nyingi, zimejaa, mvi chache zimepangika pembeni kwa heshima. Akakaa. Akasema, fundi, punguza kidogo tu, nisionekane mtu mwingine. Akafumba macho, akaanza kunieleza hali ya nidhamu mashuleni.

Nikawasha mashine. Mkono ukaanza mchezo wake. Nikavuta pumzi, nikauliza lolote lililokuja mdomoni: je, wanafunzi siku hizi wanavaa sare inavyotakiwa? Akasema usiniambie! Kuna mmoja alikuja na soksi moja ya baba yake na moja ya mama yake, na alipoitwa ofisini alijitetea kwamba hakutaka kumbagua mzazi. Nikacheka. Nikataka kujua alimwadhibu au alimwacha. Akanieleza, na nyuma yake wateja wanacheka, na Shemeji naye anacheka, na mimi nanyoa. Nanyoa! Upande wa kulia ulitoka safi. Ukingo wa sikio ulitoka safi kabisa.

Kisha nikatazama kioo nikauona mkono wangu umetulia. Nikaona kwamba Shemeji ameuona. Nikafikiri, nimeshinda. Mawazoni nikamwona Mpole uani ameinamia beseni, mapovu yamemfika viwiko. Nikajiona mimi nawapungia mkono wapita njia, na bata ananiangalia kwa adabu.

Mashine ikapanda. Kutoka shingoni hadi utosini, njia moja, nyeupe.

Nikaizima. Yeye alikuwa bado amefumba macho, amefikia habari ya uchelewaji. Ningeweza kusema. Hata sasa naamini kwamba kama ningesema, pengine. Lakini nikaona kwamba tatizo ni kutolingana tu. Nikapitisha njia ya pili upande wa pili, zilingane. Katikati pakabaki ukanda, kama jogoo. Nikaupunguza. Ukaegemea kushoto. Nikapunguza kushoto. Shemeji alikuwa amesimama, mkono mdomoni. Nilimwonyesha kwa ishara kwamba ninajua ninachofanya. Nikapunguza kulia.

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa wewe tia maji. Wateja waliokuwa wanangoja foleni hawakutia maji. Walitoka mmoja mmoja kwa ncha za vidole.

Mwalimu Mkuu alipofumbua macho hapakuwa na unywele. Alijitazama. Akainua mkono, akajigusa, akaushusha. Aliniuliza kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu aliyetishwa, kwani yeye si alisema kidogo? Nikamwambia hali ya hewa ya siku hizi inadai kichwa chepesi. Akauliza kama kuna kofia. Hatukuwa na kofia. Shemeji alimpa mtandio wake, na nilimwona akivuka barabara kuelekea shuleni amejitanda kichwani, suti ikiwa imenyooka, wahitimu wote wamepangwa mistari uwanjani wakimngoja.

Shemeji alimpigia simu Mpole ampe pole ya ugonjwa. Akaambiwa habari ya mapumziko. Akaniangalia. Sikuona hasira, na hapo ndipo niliposhikwa na hofu ya kweli. Niliona amechoka nami. Akasema tu kwamba angekuwepo mtu wa pili mle ndani, angenishika mkono kabla ya njia ya pili.

Jumapili, 10 Machi

Shemeji amekuja nyumbani asubuhi. Hakukaa. Kuanzia kesho kiti cha dirishani ni cha Mpole, na mimi ni wa taulo. Alimrudishia mke wangu yule paka, akasema hawezi kumtazama. Mke wangu alilia jikoni, kimya, akigeukia sufuria nisimwone. Nilimwona. Nilisimama mlangoni. Nilijisikia mtu duni kabisa, na nilimwambia hivyo, naye akasema nimwachie kwanza.

Mchana Mpole akabisha hodi. Nikajua amekuja kunisimanga. Alikuja na kipande cha mti na kisu cha ziada.

Hakuulizia uongo wangu hata kidogo. Alisema alipumzika vizuri mno, alilala mpaka jua likamgusa uso. Tukakaa kwenye ngazi ya nyuma. Akachonga, nami nikachonga. Kisha, bila kuniangalia, akaniambia jambo. Hata yeye mkono wake hutetemeka. Miaka yote hii! Kila asubuhi, kabla ya kichwa cha kwanza. Ndiyo maana hufika mapema kuliko sisi. Hukaa peke yake akauacha utetemeke, hashindani nao, na baada ya muda unachoka wenyewe. Hajawahi kumwambia mtu, hata mama yake. Ameniambia mimi kwa sababu kinyozi hajinyoi, kaka, na alidhani nami nahitaji mtu.

Halafu akasema ameshaongea na Shemeji. Amemwomba tugawane kiti cha dirishani, yeye asubuhi, mimi jioni, nikiwa tayari tukae hivi pamoja kila siku baada ya kazi, tuchonge. Shemeji alikataa, kisha akakubali, kwa sharti kwamba nisipange tena mpango wowote dhidi ya yeyote. Nilimwambia ahsante, na niliisema kwa dhati. Mke wangu akatuletea chai na akakaa nasi, macho yakiwa bado mekundu, akamsimulia Mpole habari ya pazia. Nilichonga tembo. Mkonga haukukatika. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilikaa kitako namna ile bila kuogopa kitu.

Jua lilipozama Mpole akaaga. Nilimsindikiza hadi njiani, tukapeana mikono, nikarudi ndani nimejaa amani, nikaketi kuandika haya.

Sasa hebu ngoja kidogo.

Mkono wa Mpole hutetemeka! Kila asubuhi! Na asubuhi ndiyo zamu yake! Kesho akimaliza kuandaa vitana, kabla hajapata nafasi ya kukaa peke yake, nitakuwa nimeshamleta Shemeji mlangoni ajionee mwenyewe. Na kichwa cha kwanza nitakitafuta mimi: yule fundi cherehani, mwoga wa sikio. Kufika adhuhuri kiti kitakuwa changu asubuhi na jioni!

Mke wangu ameuliza nacheka nini. Nimemwambia nimetulia. Nimeamua kuishia hapa, kwa maana mkono unatetemeka kwa furaha kiasi kwamba hata mwenyewe siwezi kusoma ninachoandika.